Siku Tulipolipeleka Gari la Wairimu Robo Maili

Kabla hujaniambia gari lako lina nguvu za farasi wangapi, fungua buti nione. Hapo ndipo ninapoanzia na kijana yeyote anayenijia kutaka ushauri wa mbio za robo maili. Mnakuja hapa kwangu Burnsville, mnanikuta nimekaa na redio yangu mlangoni pa banda la gari, nimestaafu, mgongo umekwisha, mnaniamkia "Shikamoo Mzee Mrisho" kwa adabu zote, halafu maneno yote yanayofuata ni Kiingereza. Haya, nawaelewa. Nami nawajibu Kiswahili, nanyi mnanielewa. Buti likifunguka nakuta viatu vya mpira, kiti cha mtoto, spika kubwa kuliko friji yangu, na mfuko wa unga wa sembe ambao mama alikutuma wiki iliyopita. Yaani wewe unataka kushindana na saa, na umebeba ugali!

Toa vyote. Toa na tairi la akiba na jeki yake, viache chini kwenye nafasi yako, hakuna atakayeviiba. Zima kiyoyozi mapema, maana kinadondosha maji, na ukidondosha maji pale kwenye mstari wa kuanzia watu wote walio nyuma yako watakuchukia kwa jina. Kaza nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, si kwa kuikanyaga na mguu. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Nimewahi kumwona kijana mzima, gari zuri, kofia ya kinga ya bei mbaya, amerudishwa getini kwa sababu ya ndala.

Na ile sehemu ya maji. Kabla kidogo ya kufika mstarini kuna mahali wanamwaga maji ili magari yenye matairi maalumu ya mbio yazungushe magurudumu, yapate joto, yanate. Wewe una matairi ya kawaida, yale yale uliyokwenda nayo dukani. Zunguka pembeni, usikanyage. Tairi la kawaida lina mifereji, linachota maji yale, linakwenda nayo mpaka mstarini, na taa ikiwaka unabaki unaserereka palepale huku jirani yako anakwenda zake.

Msidhani nilizaliwa ninayajua. Mara yangu ya kwanza kabisa nilikwenda na gari letu la familia, lile la milango ya kuteleza, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo na kwa sababu nilikuwa na kiburi. Nikapangwa na bibi mmoja wa kizungu, nywele nyeupe pe, amevaa miwani ya kamba. Nikajisemea, leo nitamheshimu huyu mama, sitamwacha mbali. Taa za njano zikashuka moja baada ya nyingine, mimi nimetulia nasubiri kijani, maana ndivyo tulivyofundishwa kwenye mtihani wa leseni. Kumbe kule mtu anaondoka kwenye njano ya mwisho! Kijani ilipowaka bibi alikuwa ameshafika katikati. Nikamkuta kwenye foleni ya kurudi, akanipungia mkono kwa upole sana. Mke wangu, Mama Zuhura, alicheka kuanzia uwanjani mpaka nyumbani, na ni mwendo wa saa mbili na ushee.

Mimi ni fundi magari. Nilianzia Morogoro, enzi ambazo injini ukitaka ikuambie inaumwa nini unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, sikio kwenye mpini, unasikiliza. Nilikuja Minnesota kusoma, nikasoma, nikamaliza, na cheti kiko ukutani mpaka leo, lakini mikono ilikuwa inaniwasha. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikaingia gereji ya mzungu mmoja anaitwa Gary, hapa hapa Burnsville, karibu na barabara ya 35. Gary alinipokea vizuri, akanipa ndoo na spana, akanionyesha sehemu ya kumwaga oili. Nikakaa hapo miaka mitatu. Miaka mitatu, wanangu! Mtu aliyeshusha injini za malori kwa magogo na mnyororo, namwaga oili za watu wanaokwenda kununua maziwa.

Aliyenitoa pale ni Leroy. Leroy alikuwa Mmarekani mweusi wa Saint Paul, umri sitini na kitu, ndiye fundi wa injini wa gereji nzima. Alikuwa na meza yake dirishani ambayo hata Gary hakuwa anaweka kikombe juu yake. Siku moja wenzangu wameunganisha kompyuta kwenye gari, kompyuta inasema gari halina tatizo, na gari linagonga. Nikachukua bisibisi, nikainama, nikasikiliza, nikawaonyesha mahali. Vijana wakacheka. Leroy hakucheka. Alifungua droo yake akatoa bisibisi refu, mpini umelainika kwa sikio lake la miaka yote, akanionyesha tu, akalirudisha. Jioni akamwambia Gary, "Huyo Mrisho nipe mimi." Gary akasema tutaona, ila akaniruhusu nimsaidie Leroy nikimaliza oili zangu.

Kompyuta siichukii, msininukuu vibaya. Inasaidia, na mimi mwenyewe niliishia kuijua kuliko wale waliokuwa wananicheka. Lakini kompyuta inakuambia kile ilichowekewa jicho. Mahali pasipo na jicho haijui kitu, na hapo ndipo mshahara wa fundi unapotoka.

Sasa Leroy alikuwa na shida moja. Mikono yake ilianza kutetemeka. Akishika kikombe cha kahawa unaona kahawa inacheza, na wateja walikuwa wanaona. Ajabu yake, mikono ile ikitua kwenye chuma inatulia tuli. Anaweka kiganja juu ya injini, anapitisha kile kibati chembamba cha chuma cha kupimia nafasi ya valvu, na hakuna kinachotikisika. Mimi nimesimama karibu naye miezi, nimeona kwa macho yangu. Gary alikuwa anaiona kahawa tu. Si mtu mbaya Gary, ila aliogopa wateja, na akawa ameanza kusema kwamba Leroy ahamie mbele, mezani pa mapokezi, awe anajibu simu. Leroy kujibu simu! Leroy alikuwa akiongea maneno kumi kwa siku, manane kati ya hayo ni kwa injini.

Hapo ndipo Wairimu alipotuletea gari lake.

Wairimu alikuwa Mkenya, muuguzi kwenye nyumba ya wazee, mama mwenye bidii na mdomo. Alikuwa na gari la michezo jekundu, milango miwili, viti viwili, silinda nne, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini ya kupenda mizunguko ya juu. Theluji ikianza analifunika, anaendesha kigari kingine kibovu mpaka barafu iyeyuke. Kiangazi kila akipata Jumapili ya mapumziko analipeleka uwanjani. Hakuwa mtu wa kujionyesha, alipenda tu. Alipolileta lilikuwa linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu.

"Fundi, hii gari ina-smoke ka jiko ya makaa," akaniambia. "Na mi sitaki kuambiwa niuze. Nimeambiwa niuze na kila mtu, hadi pastor."

Kwenye kile kikinga jua cha mbele ya dereva alikuwa amechomeka karatasi ya uwanjani ya kiangazi kilichopita. Ukimaliza kukimbia wanakupa karatasi hiyo, imeandikwa muda wako kipande kwa kipande. Yake ilisema sekunde kumi na nne nukta nane. Gary akaichomoa, akaisoma, akatuita mimi na Leroy.

"Injini hii mtaifanya nyinyi wawili," akasema. "Ikiisha tunaipeleka uwanjani, mwenye gari anaendesha mwenyewe. Muda ukishuka chini ya namba hii, Leroy anabaki kwenye meza yake na Mrisho anakuwa msaidizi wake. Usiposhuka, Leroy anakwenda kwenye simu."

Leroy akasema, "Sawa." Nikatazama mikono yake, alikuwa ameiingiza mfukoni.

Tuliifanya kazi ile wiki tatu. Mimi chini, yeye juu. Mimi nilishughulika na pistoni na ringi, yeye silinda hedi na valvu, moja moja, kwa kibati chake kile, anapima, anaandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi, anapima tena. Nikiharakisha ananiambia, "Usikaze kwa hasira." Hilo lishikeni. Bolti haijui kwamba umegombana na mkeo asubuhi. Ukiikaza kwa hasira inakatika, na hapo magomvi yanakuwa mawili.

Ijumaa injini ikawaka. Gary akalichukua gari mwenyewe, akapanda nalo barabara ya 35, akarudi anajizuia kutabasamu. Ikapangwa Jumapili tuondoke asubuhi.

Katikati ya Ijumaa na Jumapili kuna Jumamosi, na Jumamosi ile kulikuwa na harusi.

Nyinyi mnajua harusi zetu hapa. Mlezi wa kamati ana orodha, kila mtu ana kazi yake, na bado kitu kimoja lazima kiharibike asubuhi ile ile. Lililoharibika lilikuwa gari la bibi harusi, lile refu la kukodi. Wenye nalo walipiga simu kwamba halitoki. Mama wa bibi harusi akampigia mke wangu analia. Mke wangu akanipigia kazini.

"Baba Zuhura, lile jekundu lililoko hapo kwenu."

"Lile ni la mteja."

"Si la yule dada Mkenya? Mwombe. Utaacha mtoto wa watu aende kanisani na gari la kubebea masufuria?"

Nikampigia Wairimu. Hata sikumaliza kueleza. "Chukua, si ni harusi! Lakini bibi harusi asikanyage seat na viatu." Kwa upande wa mwenye gari basi nilikuwa nimeruhusiwa. Kwa upande wa Gary hapana. Gary alikuwa na sheria moja asiyocheza nayo, kwamba gari la mteja halitoki gereji ila kwa majaribio. Funguo za gereji walikuwa nazo watu wawili tu mbali na yeye mwenyewe, Leroy na mimi. Jumamosi mchana kufunga ilikuwa zamu yangu. Nikajidanganya kwamba na haya ni majaribio.

Nikaliosha likang'aa. Mbele, kwenye wavu wa bampa, nikafunga ua kubwa la kitambaa cha neti nyeupe, na utepe wa fedha ulioandikwa majina ya maharusi. Nililifunga mwenyewe kwa mikono hii, nikarudi nyuma hatua tatu nikalitazama, nikajisifu. Nikampeleka bibi harusi kanisani. Kwa kuwa viti ni viwili, baada ya ndoa nikamchukua yeye tena, na bwana harusi akapanda gari la nyuma na mashangazi. Dakika kumi tangu wafungishwe ndoa nikawa nimeshawatenganisha. Msafara ukatoka Burnsville kwenda ukumbini Maple Grove, honi mwanzo mwisho, taa zote zinawaka na kuzima, mpiga video ametoka nusu mwili dirishani, na wazungu wanatupisha wakidhani kuna mgonjwa.

Tulipofika ukumbini ua halikuwapo. Kipande cha utepe tu kinaning'inia. "Ua liko wapi?" mama wa bibi harusi akaniuliza kwa sauti ya kunishitaki. Nikamwambia limepeperushwa na upepo huko njiani. Nikalikata lile lililobaki, nikalisahau. Usiku wakaniwekea trei mbili za pilau kwenye buti, ndiyo desturi, huwezi kutoka mikono mitupu. Nikalirudisha gari gereji, nikafunga, nikaenda kulala na roho safi kabisa.

Jumapili Gary na Leroy walikwenda na pikapu ya Gary, mimi nikapanda na Wairimu. Njia nzima gari linanguruma kwa starehe. Wairimu anaimba. Tulipofika, mkaguzi wa uwanja, mzee mwenye ndevu, akafungua buti kuhakikisha hakuna kitu kilicholegea. Akafunua karatasi ya fedha. Akanusa.

"Hii ni nini?"

"Lunch," Wairimu akajibu bila kupepesa.

Pilau likateremshwa, likawekwa kwenye pikapu, na Leroy akachota kwa mkono akasema ni zuri. Gary akatazama trei, akanitazama mimi. Mimi nikajifanya napima upepo wa matairi. Ya nyuma punguza kidogo, si sana, tairi lilale vizuri chini. Ya mbele acha yalivyo.

Wairimu akapanga mstari, akazunguka yale maji kama nilivyomfundisha, taa ikashuka, akaondoka. Ah, aliondoka vizuri! Nikashika bega la Leroy. Halafu huko mbele sauti ikabadilika. Si kugonga, si kukohoa, ila injini ilikuwa inavuta kwa taabu, mizunguko haitaki kupanda. Karatasi ikasema kumi na tano nukta saba.

"Inaanza poa," Wairimu akasema akivua kofia, jasho linamtoka. "Lakini huko juu inakosa pumzi, Fundi. Nakanyaga na haiendi."

Tukalipumzisha nusu saa, boneti wazi, lipoe. Gary akafungua boksi la filta ya hewa, filta safi kama shati la dukani, akafunga. Wairimu akarudi mstarini. Mara hii kumi na tano nukta tisa.

Gary hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Injini inayokufa juu ni valvu," akasema. "Hazifungi vizuri. Tukiendelea itavunjika. Nakwenda kuwaambia watufute kwenye zamu, na Jumatatu tutaishusha." Akaondoka kuelekea kwenye kibanda cha waandikishaji. Huko magharibi wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, na mvua ikinyesha uwanja unafungwa.

Leroy akavua kofia yake. Akatazama viganja vyake pande zote mbili, akasema taratibu, "Labda ni kweli. Labda ni mimi."

Wanangu, nimewahi kuangukiwa na gia boksi kifuani. Haikuuma kama maneno yale. Yule ndiye mtu pekee katika gereji nzima aliyeniona fundi wakati wengine wananiona ndoo.

Nikaikamata karatasi, nikaiweka kando ya ile ya mwaka uliopita. Nisikilizeni vizuri hapa, maana vijana mnasoma namba ya mwisho tu, kisha mnapiga picha. Karatasi ile ina vipande. Futi sitini za kwanza tulikuwa sawa kabisa na mwaka uliopita, hata nafuu kidogo. Nusu ya njia tumeanza kuachwa. Mwisho, kasi iko chini mno. Kwa hiyo miguu ipo, mapafu hakuna. Valvu mbovu ingeweza kufanya hivyo, kweli. Lakini injini yenye valvu zisizofunga haitulii ikiwa imesimama, inatetemeka, inakosakosa. Nikaiwasha, nikaweka bisibisi, nikaweka sikio. Ilikuwa inapumua kama mtoto aliyelala. Valvu za Leroy zilikuwa zinafunga kila moja kwa wakati wake.

Basi ni hewa. Lakini filta safi. Nikafungua boksi tena, nikaitoa ile filta, nikaitazama. Ndipo nikajiuliza, mbona safi hivi? Tumetoka Burnsville, saa mbili barabarani, kiangazi cha Minnesota, kioo cha mbele kimejaa wadudu mpaka Wairimu alisimama kukifuta. Kwenye boksi la hewa hakuna hata mmoja? Hata unyoya wa mbu? Maana yake kuna kitu kinawakamata kabla hawajafika.

Nikalala chini mbele ya bampa, nikapenyeza mkono nyuma ya wavu, pale unapoanzia ule mrija unaopeleka hewa kwenye boksi. Mkono ukaingia mpaka kiwiko. Vidole vikagusa kitu laini. Nikavuta. Kikaja chote kwa pamoja, neti nyeupe, urefu wa hatua nzima, imejaa wadudu, na kwenye ncha yake utepe wa fedha wenye majina ya maharusi.

Kumbe lile ua halikupeperushwa, lilivutwa ndani ya mrija! Sikuhitaji kuuliza. Mwendo wa kawaida injini haihitaji hewa nyingi, inapata ya kutosha kupitia kwenye neti, ndiyo maana njia nzima tuliimba. Ukikanyaga mpaka mwisho inataka hewa yote, neti inajibana, inakosa.

Wairimu akakiona. Akafunika mdomo. Halafu akaniinamia haraka, kwa Kiswahili, ili Leroy asielewe.

"Fundi, nyamaza. Nitasema ni mimi. Gari ni yangu, nilienda harusi, yeye atanifanya nini?"

"Atakuuliza ulilitoaje gereji."

"Nitasema nilifunguliwa."

"Na nani?"

Funguo walikuwa nazo watu wawili. Tukageuka wote wawili tukamtazama Leroy, amekaa kwenye ngazi ya pikapu, kofia magotini.

Sitawadanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilifikiri kuuzungusha ule utepe mkononi, kuukata, kusema ni mfuko wa barabarani. Nilifikiri miaka mitatu ya ndoo. Nilimfikiria Mama Zuhura ambaye alikuwa ameshawaambia nusu ya Watanzania wa Burnsville kwamba mumewe sasa ni fundi wa injini. Yote hayo yalipita haraka, labda muda wa robo maili. Lakini Gary alikuwa ameliona pilau. Gary si mjinga. Angeanza kuulizauliza, na mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa yule aliyekuwa tayari amekubali kosa lisilo lake.

Nikanyanyuka, nikavuka uwanja na ile neti mkononi mpaka kibandani.

"Gary," nikasema, "hii ilikuwa kwenye mrija wa hewa. Valvu hazina kosa. Niliifunga mimi."

Akaishika, akaigeuza, akasoma utepe. "Hii ni ya harusi."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana."

"Kwenye gari la mteja? Lililokuwa limefungiwa gereji kwangu?"

"Mwenyewe aliruhusu. Wewe hukuruhusu, na sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa. Leroy hajui lolote."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akatukana tusi moja fupi la Kiingereza ambalo nyinyi mnalijua. Akatazama wingu, akamtazama Leroy kule mbali, akatazama tena utepe. Halafu akamgeukia mwandikishaji akamwambia ile zamu isifutwe.

"Mimi na wewe tutaongea Jumatatu," akaniambia. "Mwambie apange mstari."

Matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka kwenye maegesho Wairimu alipofika mbele. Taa ikashuka. Akaondoka, na safari hii sauti haikubadilika. Ilipanda, ikapanda, akabadili gia, ikapanda tena, kali, safi, mpaka mwisho kabisa wa uwanja. Leroy alikuwa amesimama. Sikumbuki alisimama saa ngapi.

Wairimu alirudi mbio kwa miguu, ameacha gari mlango wazi, karatasi inapepea. "Ngai! Kumi na nne nukta tatu! Fundi! Tatu!" Akampa Leroy. Leroy akaisoma kipande kwa kipande, kuanzia juu, kama ipasavyo. Karatasi ilikuwa inatetemeka mikononi mwake na hakujali nani anaona. Mvua ikamiminika, uwanja ukafungwa, tukala pilau ndani ya pikapu madirisha yamejaa mvuke.

Jumatatu nilifika mapema. Gary alikuwa na ubao ukutani ambako anaandika kazi za wiki na majina. Kwenye injini ameandika Leroy. Kwenye oili ameandika Mrisho, na pembeni kwa kalamu nyekundu, miezi sita. Gary alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake na kikombe, ananisubiri niseme neno. Nikachukua ndoo yangu, nikaingia chini ya gari la kwanza.

Nilikuwa nimelala pale chali, oili inanitiririkia mpaka kwenye kiwiko, nikamsikia Leroy kule dirishani anapiga mluzi huku anapima valvu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, wanangu, na hakuna siku niliyomwaga oili kwa raha kama ile.